Binti wa Mnakili

Wiki tatu baada ya kumzika baba, kaka yangu alikuja nyumbani na futi ya chuma, akaanza kupima chumba cha kazi cha marehemu. Alipima ukuta hadi ukuta, mlango hadi dirisha, akiandika tarakimu kiganjani kwa kalamu ya wino. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kitanda kitaingia," akasema. "Na kabati dogo pia. Lakini haya maboksi, dada, lazima yaondoke."

Hakuwa na nia mbaya. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka, na kila akipanda ngazi kwenda chumbani kwake alipumzika mara mbili njiani. Chumba pekee cha chini kilichofaa kulalwa kilikuwa hicho cha baba, nacho kilijaa maboksi ya viatu kutoka sakafuni hadi darini. Yalikuwa mia mbili na kumi na sita. Idadi niliijua kwa sababu mengi niliyaomba mwenyewe madukani tangu nikiwa msichana wa shule, hadi wauza viatu wakawa wakiniona tu wanasema, "Leo hatuna."

Ndani ya maboksi hayo hamkuwa na kiatu hata kimoja. Mlikuwa na kadi, elfu kumi na tisa na ushei, zote kwa mwandiko wa baba.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiarabu wa sekondari, mtu wa mashati ya mikono mirefu na maneno machache. Saa tisa akitoka kazini, anaoga, anakula, anaingia chumbani kwake. Alichokisoma maisha yake yote ni Waarabu wa zamani na vitabu vyao. Ila wenzake walipofuata wafalme, vita na wanafalsafa, yeye aliwafuata wanakili.

"Kabla ya mitambo ya kuchapa," alikuwa akituambia mezani, "kila kitabu kilipita mkononi mwa mtu aliyekaa chini akakiandika chote, herufi kwa herufi. Aliyekitunga tunamjua. Huyu aliyekipindia mgongo mwaka mzima, nani anamjua?"

Basi aliandika barua kwa maktaba za nchi kumi na tano, akiomba picha. Ukurasa mmoja tu wa kitabu hiki, ukurasa mmoja wa kile. Picha zilipokuja, alizitazama kwa kioo cha kukuzia hadi jicho likamtoka machozi, kisha akaandika kadi na kuiweka boksini pamoja na picha. Mnakili huyu anainua kalamu wapi? Anachovya wino baada ya maneno mangapi? Wachache walikuwa wametia sahihi mwishoni mwa kitabu. Walio wengi hawakutia, na hao baba aliwapa majina yake mwenyewe: Mwenye Haraka, Mkono Mzito, Bwana Nukta. Akawazungumzia kama majirani.

"Leo nimemkuta tena Mwenye Haraka," anasema huku akimega mkate. "Alikuwa mgonjwa, maskini."

"Umejuaje?" anauliza mama, ambaye alikuwa muuguzi na habari za wagonjwa zilimhusu.

"Mistari yake inashuka upande wa kushoto. Kurasa kumi hivi. Halafu inanyooka. Amepona."

Mama anatikisa kichwa. "Mimi nina wodi yenye watu thelathini walio hai, na mume wangu ana wodi ya watu waliokufa miaka mia nane iliyopita."

Mtaani walimwita Mzee Kadi. Jina hilo lilituletea kisa. Siku moja mume na mke walibisha hodi wakiwa wamenuniana, wakaketi sebuleni, wakaanza kumweleza baba ugomvi wao tangu siku ya harusi. Walikuwa wameambiwa kwamba pale anakaa Mzee Kadhi. Baba aliwasikiliza saa nzima kwa sababu aliona haya kuwakatiza. Mwisho akawaambia, "Mimi ni wa kadi, ndugu zangu, si wa ndoa." Walicheka wote wawili hadi wakaondoka wameshikana mikono. Mama akasema hiyo ndiyo kazi pekee ya kadi zile iliyowahi kumfaa mtu.

Nami nilifikiri hivyohivyo, hadi nilipojifunza ushonaji. Nilikuwa mwaka wa pili wa kazi. Mteja alileta gauni la kupunguzwa, nikaligeuza nje ndani, nikasema bila kufikiri, "Hili kashona mwalimu wangu." Nilipofika nyumbani nilimsimulia baba. Akaweka kalamu chini.

"Umemjuaje?"

"Si kwa mshono wenyewe. Sote tuliofundishwa naye tunashona sawa. Nimemjua pale anapokata uzi. Mtu akimwiga mwalimu wake, katikati anafanana naye. Mwishoni anajisahau, anakuwa yeye."

Baba akanivutia kiti. "Mwanangu," akasema, "nimewaeleza maprofesa jambo hilo miaka ishirini na sijalisema vizuri kama wewe." Kisha akanifundisha kuzitazama picha zake. Kusoma Kiarabu nilikuwa nimefundishwa naye utotoni, nikasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kutazama nilikuta ninajua tayari.

Kati ya wanakili wote, kulikuwa na mmoja aliyemnyima baba raha. Katika maktaba moja ya mbali kulikuwa na kitabu cha tabibu kuhusu magonjwa ya macho. Mwishoni kimetiwa sahihi ya mnakili mwanamume, mtu maarufu kwa uzuri wa hati yake. Baba aliomba kurasa mbili, ya mwanzoni na ya mwishoni, akagundua kwamba si mkono mmoja. Aliomba kurasa zaidi, na zaidi, hadi akaupata ukurasa wenyewe. Ilikuwa pale katikati, chini ya mstari wa tisa, mkono unabadilika. Wino uleule, kalamu ileile, hata nafasi kati ya mistari ni ileile, lakini anayeandika ni mtu mwingine, na anajitahidi kwa nguvu zake zote asijulikane. Pembeni mwa ukurasa huo palikuwa na kiraka cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi.

Baba alijiridhisha kwamba mnakili alikufa kazini, na aliyeendelea alikuwa mtu wa nyumbani mwake, aliyefundishwa naye tangu utotoni, na alikuwa na sababu ya kujificha. Mwana wa kiume asingejificha. Angetia sahihi na kujitangazia kazi. Juu ya kadi akaandika jina: Binti.

Aliwahi kualikwa kwenye mkutano mmoja mkubwa wa wataalamu, akaenda na mama. Alisimama mbele ya watu mia mbili akaeleza hayo. Msomi mmoja mwenye jina kubwa akanyanyuka, akasema kwa upole wote, "Mwalimu wetu amekaa na karatasi peke yake muda mrefu, sasa amezitungia familia." Ukumbi mzima ukacheka. Mama alinisimulia kwamba baba naye alitabasamu, akakusanya karatasi zake, akasahau miwani mezani. Hakualikwa tena, wala hakuacha. Aliiandikia ile maktaba akiomba wabandue kiraka. Wakamjibu kwamba ukurasa ungechanika.

Baada ya hapo zikapita kadi nyingine elfu kumi.

Basi siku ile kaka alipomaliza kupima, tulikubaliana aje Jumamosi na gari la kubeba mizigo. Kuna mtu alikuwa akinunua karatasi kuukuu kwa ajili ya kiwanda cha trei za mayai. Sikumpinga. Chuo kimoja nilikuwa nimeshakiuliza, wakaniambia hawana nafasi. Nilibeba maboksi manne tu hadi kwenye karakana yangu ya ushonaji, yale ambayo mkono wa baba ulikuwa umeyashika mwisho, nikayaweka chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Alhamisi asubuhi, karani wa posta akanikabidhi bahasha nene yenye jina la baba. Ndani kulikuwa na barua ya Kiarabu na picha moja. Niliifungulia palepale karakanani, cherehani zikiwa zinalia.

Aliyeandika alikuwa mkutubi wa ile maktaba yenye kitabu cha macho, mwanamke. Alisema kitabu kilikuwa kikitengenezwa upya, na kwamba siku hizi kuna namna ya kulainisha gundi kwa mvuke bila kuidhuru karatasi. Alisema katika faili la kitabu alikuta barua ya baba, ya miaka ishirini na miwili iliyopita, na jibu baya alilopewa. "Kwa hiyo, mheshimiwa, nimeona wewe uwe wa kwanza kuona," aliandika. "Kiraka kimebanduka."

Nikaigeuza picha. Maandishi yalikuwa madogo, ya wino uliofifia kuwa rangi ya chai. Niliyasoma neno moja moja, kidole kikiwa juu ya picha, na nilipofika mwisho nikarudia, kwa sababu niliogopa nimekosea:

"Hapa ndipo ilipoishia kalamu ya baba yangu, Mungu amrehemu. Kuanzia hapa naandika mimi, binti yake, kwa kalamu yake na kwa wino alioukoroga mwenyewe. Ewe msomaji, ukiona uzuri, ni wake. Ukiona kosa, ni langu, nisamehe."

Vinyweleo vilinisimama hadi shingoni. Fundi mwenzangu alizima cherehani akaniuliza kama nimepata msiba mwingine. Mwanamke aliyeishi miaka mia nane iliyopita alikuwa amezungumza, na duniani kote mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amemsikia kabla hajafungua mdomo. Mtu huyo nilikuwa nimemfulia mashati.

Mwishoni mwa barua mkutubi aliuliza jambo. Maneno machache chini ya kiraka hayatoshi, alisema. Wapo watakaodai yaliandikwa baadaye na mtu wa utani. Je, baba amewahi kuuona mkono huu katika kitabu kingine chochote?

Jumamosi kaka alikuja na gari. Alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya maboksi, kadi na picha zimetandazwa pande zote, sina pa kuweka mguu.

"Dada, tulikubaliana nini?"

"Kaa kwanza."

"Dereva ananisubiri nje."

"Nimesema kaa, we!"

Akakaa. Nikamsomea barua, nikamsomea na maneno ya chini ya kiraka. Kaka yangu ni fundi wa majokofu, si mtu wa kulia ovyo. Alichukua picha, akaishika pembeni kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akaitazama muda mrefu. Kisha akatoka, nikamsikia akimwambia dereva aende zake. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Haya," akasema. "Tunatafuta kitu gani?"

Nilimwonyesha. Binti aliweza kumwiga baba yake katika kila kitu, lakini mwisho wa mstari, anapoimaliza herufi ya nuni, yenye umbo la bakuli, kalamu yake ilirudi ndani kidogo, kama sindano inayorudi nyuma kufunga uzi. Baba yake aliiacha nuni wazi. Tulitafuta siku tisa. Kaka alinipitishia picha, mimi nikatazama mwisho wa mistari tu. Mama aliketi kitini na kioo cha kukuzia, akakataa picha nyingi kuliko sisi sote. "Huyu ana haraka, si yeye," anasema. "Huyu naye mkono unamtetemeka, mpeni dawa."

Siku ya tisa, kwenye boksi ambalo baba aliliandika "Wasiojulikana, bado", nilikuta ukurasa mmoja wa kitabu cha tiba ya farasi. Kilikuwa kwenye maktaba nyingine, nchi nyingine kabisa. Hati yake ilikuwa ya mtu mzima anayejiamini, pana na tulivu, wala haimwigi mtu. Ila kila mstari uliomalizika kwa nuni, nuni hiyo ilirudi ndani.

Sikupiga kelele. Nilimpa mama. Mama akatazama, akatazama tena, akaishusha miwani.

"Amekua," akasema.

Juu ya kadi ya ukurasa ule baba alikuwa ameandika: "Nimewahi kumwona mtu huyu. Sikumbuki wapi. Nirudi." Tarehe ilikuwa ya mwezi mmoja kabla hajafa.

Nikamwandikia mkutubi, kwa Kiarabu changu cha kukanyaga mawe. Nikamwambia baba amefariki, kwamba mimi ni fundi wa nguo na si msomi, na kwamba naamini tumemwona binti. Nikaambatanisha picha. Baada ya wiki mbili hakunijibu kwa barua, alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na begi moja, akaingia chumbani kwa baba, akasimama katikati ya yale maboksi akazunguka polepole, mdomo wazi.

"Ndiyo yote haya?" akauliza.

"Na manne yako karakanani," nikasema.

Akaketi juu ya kigoda. "Kwetu tuna idara nzima," akasema taratibu ili nimwelewe, "watu kumi na wanane na kompyuta. Hatuna hata robo ya hiki."

Alikaa siku nne. Alitoa kadi, akazisoma, akazirudisha mahali pake kwa uangalifu ambao ulinifanya nimpende. Tatizo lilikuwa kwamba baba aliomba ukurasa mmoja tu wa kitabu cha farasi, tena wa katikati. Orodha ya maktaba ile ilisema mnakili hajulikani, ukurasa wa mwisho umelowa maji na hausomeki. Mkutubi aliwapigia simu, akawabembeleza, akawagombeza, akawataka wapige picha ya ukurasa huo kwa taa zao maalumu.

Siku ya tatu mchana, tukiwa mezani mama akimenya machungwa, kompyuta ya mkutubi ikalia. Alifungua picha. Akaikuza. Rangi ikampotea usoni, halafu ikamrudia yote kwa pamoja.

"Soma wewe," akaniambia.

"Mimi nitachelewa."

"Chelewa."

Nikasoma. Maji yalikuwa yamekula nusu ya mistari, lakini iliyobaki ilisomeka. Mwandishi alitaja jina lake, jina lake mwenyewe, bila kulificha, na baada ya jina akasema: binti wa mnakili, kisha akataja jina la baba yake, lilelile lililotiwa sahihi mwishoni mwa kitabu cha macho. Kisha: "Nimekimaliza nikiwa na umri wa miaka sitini. Hiki ni cha arobaini na moja. Macho yangu bado yanaona, shukrani ni zake Mwenyezi Mungu."

Vitabu arobaini na moja! Maji ya chungwa yalikuwa yakichuruzika kwenye kiganja cha mama na hakuyafuta. Aligeuka akatazama mlango wa chumba cha baba, akafungua kinywa kama alivyofanya miaka yote chakula kikiwa tayari, kisha akakifumba.

"Aliwaambia," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Walikuwepo watu mia mbili, na aliwaambia."

Mkutubi alisimama, akazunguka meza, akaishika mikono ya mama na machungwa yake yote, akaibusu.

Makala ilitoka mwaka uliofuata. Jina la baba lilitangulia, likafuata la mkutubi, na la tatu lilikuwa langu, ingawa nilikataa mara mbili. Yule msomi mwenye jina kubwa alikuwa bado hai, mzee sana. Alimwandikia mama barua ya ukurasa mmoja kwa mkono wake, na ilikuwa barua ya kiungwana. Mama aliisoma, akaitia bahashani, akasema, "Mwandiko wake mbaya."

Chumba alipewa mama. Maboksi yalihamia karakanani, na rafu zake alizijenga kaka, za mbao ngumu, kuanzia kwenye mashine ya kupigia pasi hadi dirishani. Timu ya mkutubi ilikuja na kamera, ikakaa miezi mitano kupiga picha kila kadi, na sasa mtu aliye popote anaweza kuzifungua. Wengine lakini wanapenda kuja wenyewe. Wanaingia na mabegi mgongoni, wanapita kati ya suti zisizo na mikono na wateja wanaopimwa viuno, wanauliza kwa woga kama hapa ndipo. Nawaambia ndipo, wasikanyage kitambaa.

Tangu baba afe tumewatambua wanakili thelathini na mmoja zaidi. Kati yao saba ni wanawake. Vitabu vya binti vilivyopatikana ni sita, bado thelathini na vitano. Jumanne iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea picha ya kitabu cha hesabu, kutoka mji wa milimani. Niliweka mkasi chini nikatazama. Aliyeandika alitumia mkono wa kushoto. Mistari ya herufi zake imelalia upande usiotarajiwa. Pembeni mwa ukurasa, katikati ya hesabu za mgawanyo, ameandika kwa herufi ndogo sana kwamba asubuhi ile mkewe amejifungua mapacha, na kwamba jumla ya mstari wa juu huenda si sahihi.

Tulipiga hesabu, mimi na mwanafunzi, kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Kweli, haikuwa sahihi.